Nachingwea: karanga, bunduki na wanawake wasiomo kwenye makabrasha

Siku hizi mwandishi wa habari ukimaliza mwezi mzima bila kualikwa kwenye semina ya "usawa na ujumuishi", ujue mhariri wako ana jambo na wewe. Semina ziko kila hoteli. Chai, sambusa, bango lenye nembo za wafadhili, bahasha ya nauli mwishoni. Mtoa mada anasimama na kompyuta yake, anatuonyesha takwimu za Ulaya, kisha mfano wa kiwanda kimoja Marekani, kisha mfano wa chuo kikuu kimoja Uingereza. Tunaandika, tunakula, tunaondoka. Sina ugomvi na semina wala na sambusa. Ila kila nikitoka huwa najiuliza: hivi hapa kwetu hakuna mfano hata mmoja wa watu waliojaribu kweli kweli kupanga upya nani akae na nani, nani amwamuru nani, nani ashike bunduki na nani apike?

Wadau, mfano upo, tena ni mzito kuliko ile ya kwenye kompyuta. Uko Nachingwea, mkoa wa Lindi. Kati ya mwaka 1947 na 1975 mji ule mdogo ulibeba majaribio mawili makubwa. La kwanza lilikuwa la Waingereza na karanga zao. La pili lilikuwa la Wamsumbiji wa FRELIMO. Yote mawili yaliahidi kumwinua mtu wa chini, na yote mawili yaliacha karatasi nyingi. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikizifukuzia karatasi hizo kila nikipata nafasi baada ya zamu, na ninachotaka kusema leo ni hiki: historia ya usawa ya Nachingwea imeandikwa, tena kwa wingi, lakini imeandikwa na kuhifadhiwa kwa namna ambayo yenyewe haina usawa. Twende taratibu.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel, bosi wa kampuni ya United Africa, akapeleka wazo serikalini: tulime karanga Afrika Mashariki, kwa mashine, kwa ukubwa ambao dunia haijauona. Wakatumwa watu watatu kuchunguza, wakiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika. Uchunguzi ulichukua kama wiki tisa hivi, na sehemu kubwa ya ardhi waliiangalia wakiwa ndani ya ndege. Kutoka juu, nchi ya Wamwera inaonekana pori. Pori tupu, halina mwenyewe. Mwaka 1947 mpango ukatangazwa: ekari 3,210,000 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, kwa gharama ya pauni milioni 25 hivi. Tanganyika zikachaguliwa sehemu tatu, Kongwa, Urambo na Nachingwea, na matumaini makubwa kuliko yote yaliwekwa huku Kusini.

Mliosoma historia sekondari mnajua kilichofuata. Mvua zilikata, udongo wa Kongwa ulikauka ukawa kama saruji, matingatinga yalivunjika, na vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta navyo vikashindwa na visiki. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuuzika mradi na kufuta hasara ya zaidi ya pauni milioni 36. Mwalimu alipofika hapo darasani tulicheka, kengele ikalia, tukaenda mapumziko.

Tusichofundishwa ni namna maisha ya pale yalivyopangwa. Mradi ulifuata rangi za watu, kama Tanganyika yote ya wakati ule. Mzungu na nyumba yake na klabu yake, Mhindi na mtaa wake, Mwafrika na kambi yake, na mishahara ikishuka kwa ngazi hizo hizo. Na bado karatasi za mwanzo za mpango zilizungumza lugha tamu ya kumwendeleza Mwafrika, hata kutaja kwamba iko siku mashamba yangekabidhiwa kwa wenyeji wayaendeshe kwa ushirika. Yaani andiko la ujumuishi lilikuwepo tangu siku ya kwanza, tena limeandikwa vizuri kabisa! Wanaodhani lugha hii imeletwa juzi na mashirika yasiyo ya kiserikali wakaangalie makabrasha ya 1947.

Katika kusoma huko nilivutiwa na mtu mmoja, Alan Wood. Alikuwa mwandishi wa habari, kazi yetu hii hii, aliyeripoti vita Ulaya. Akaajiriwa na Overseas Food Corporation, shirika la serikali lililokabidhiwa mradi mwaka 1948, aongoze kitengo cha habari. Baadaye akaondoka, na mwaka 1950 akatoa kitabu kuhusu mkasa wote, wakati mradi wenyewe ukiwa bado unakata roho. Anaandika kwa wepesi, namwonea wivu. Lakini msome ukiwa na kalamu mkononi, uweke alama kila anapotajwa mtu kwa jina. Mawaziri wana majina, mameneja wana majina, mafundi wana majina. Mwafrika mara nyingi anapita kama umati unaobeba kitu. Mwanamke wa Kimwera ndiyo usiulize.

Ilichukua zaidi ya nusu karne mtu kuuliza swali jingine. Mwaka 2006 mtafiti Matteo Rizzo alichapisha makala kuhusu kilichobaki baada ya mradi wa karanga, na badala ya kuhesabu matrekta akaangalia soko la vibarua huku Kusini. Ukiuliza swali la aina hiyo, watu wanaacha kuwa umati. Wana hesabu zao na misimu yao, wana sababu za kwenda kwa mwajiri huyu na kumkwepa yule, wana shamba nyumbani linalosubiri jembe. Karatasi alizotumia ni za watawala wale wale. Kilichobadilika ni swali.

Kwa ajili ya karanga ikajengwa bandari ya Mtwara, na reli kutoka pwani hadi Nachingwea. Karanga zikafa, reli ikabaki inahema. Mwaka 1962 ikafungwa, vyuma vikang'olewa, na uhuru wetu ulikuwa bado mbichi. Tangu hapo Kusini ikawa ile tunayoijua kwenye utani wa Dar: mbali, nyuma, kisiwani. Vijana wake walipokuja mjini kutembeza bidhaa mabegani, jina la watu wa Lindi, Wamachinga, likageuka jina la kila mchuuzi wa barabarani, awe Msukuma au Mhaya. Watu wachache wamepewa heshima ya aina hiyo bila kuombwa ruhusa. Mwaka 1998 Pekka Seppälä na Bertha Koda walihariri kitabu kizima kuhusu jambo hili, na kichwa chake kinasema wazi kwamba Kusini ilifanywa kuwa pembezoni. Haikuzaliwa pembezoni. Naomba mlishike jina la Bertha Koda, nitalirudia.

Na Ruangwa je? Ruangwa kwangu ndiyo kipimo. Ilikuwa sehemu ya Nachingwea mpaka ilipofanywa wilaya yake miaka ya 1990, kwa hiyo ukifungua fahirisi ya vitabu vya zamani ukatafuta Ruangwa unaambulia patupu, au mstari mmoja. Jaribu Rwangwa, maana wapo walioandika hivyo. Ukikosa, tafuta Nachingwea. Ukikosa, tafuta Lindi. Vijiji vya watu vimelala ndani ya majina ya makao makuu yaliyobadilika kila serikali ilipobadilika. Ukitafuta Ruangwa kwenye intaneti leo unapata vitu vitatu: Kassim Majaliwa, aliyekuwa mbunge wao tangu 2010 na Waziri Mkuu kuanzia 2015 hadi 2025, timu ya Namungo, na madini ya kinywe ya Chilalo. Ripoti za kinywe ni nyingi na ndefu, zina michoro ya mwamba hadi mita za chini kabisa. Ziliandikwa zisomwe na wanahisa wa Australia. Zina sura kuhusu watu pia, na mtafiti mjanja atazitumia, kwa sababu pengine hakuna karatasi nyingine iliyokwenda kijiji hadi kijiji kuhesabu nani ana shamba wapi. Lakini ni jambo la kutafakari kwamba mara mbili katika miaka sabini mtu wa huku amehesabiwa vizuri pale tu alipokuwa juu ya kitu ambacho mwingine anakitaka.

Sasa njoo kwenye jaribio la pili.

FRELIMO ilizaliwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, na vita dhidi ya Wareno ikaanza Septemba 25, 1964. Kambi yao ya kwanza kubwa ya kijeshi ilikuwa Kongwa. Kisha, kuanzia 1965, wakapewa Nachingwea, eneo ambalo wenyeji na wanahistoria wanalijua kwa jina la Farm 17. Mmeona? Kongwa, Nachingwea. Sehemu zile zile za karanga! Pori ambalo Mwingereza alilifyeka akitafuta mafuta ya kukaangia ndilo Mwalimu Nyerere aliwapa watu waliokuja kumng'oa Mreno. Kama ningekuwa mtunzi wa riwaya nikaandika hivyo, mhariri angeniambia nimezidisha chumvi.

Aliyeijenga Nachingwea kama kambi ya mafunzo ni Samora Machel, ambaye baada ya kuuawa kwa Filipe Magaia Oktoba 1966 akawa mkuu wa ulinzi wa chama. Wakufunzi wa Kichina walikuja. Lakini mafunzo ya bunduki yalikuwa nusu ya kazi. Kambini waliletwa vijana wa kila upande wa Msumbiji, Wamakonde na Wamakua wa kaskazini, Washangaani wa kusini, waliosoma misheni na wasiojua kusoma, na amri ilikuwa wakae pamoja, wale pamoja, walime pamoja, wajifunze Kireno pamoja. Kamanda naye alishika jembe. Ukabila ulihesabiwa kuwa adui sawa na Mreno. Hao hawakuhitaji mtoa mada kutoka hotelini.

Kisha likaja suala la wanawake. Oktoba 1966 Kamati Kuu ya FRELIMO iliamua wanawake washiriki vita kikamilifu zaidi, na mwaka 1967 wasichana 25 wakaingia Nachingwea kwa mafunzo ya kijeshi ya miezi mitatu. Ndicho chanzo cha kikosi cha wanawake. Hebu tafakari maana yake. Hii ni jamii ya Rovuma, pande zote mbili za mto, yenye jando na unyago, yenye mipaka inayojulikana ya kazi ya mwanamume na kazi ya mwanamke. Ni kweli pia kwamba Wamwera, Wamakonde, Wayao na Wamakua wanafuata ukoo wa mama, kwa hiyo mwanamke hakuwa mtu wa kusukumwa tu pembeni. Lakini bunduki? Wazee walikataa. Ndani ya chama chenyewe wapo viongozi waliokataa, na anayetajwa zaidi ni Lázaro Nkavandame, kiongozi wa Cabo Delgado. Ugomvi huo ulikuwa sehemu ya ugomvi mkubwa uliokipasua chama kabla na baada ya mkutano mkuu wa Julai 1968.

Wasichana wale walibeba silaha kuvuka mpaka, walilinda maeneo yaliyokombolewa, walizunguka vijijini kuwashawishi watu, walilea yatima wa vita. Mmoja wa wale 25 ni Josina Muthemba, ambaye baadaye aliolewa na Samora na dunia ikamjua kwa jina la Josina Machel. Alifariki hapa Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971 akiwa na miaka 25 tu, akazikwa Kinondoni, na baadaye mabaki yake yakahamishiwa Maputo. Msumbiji tarehe 7 Aprili ni Siku ya Mwanamke. Kwetu ni mapumziko ya kumkumbuka Mzee Karume aliyeuawa tarehe hiyo hiyo mwaka mmoja baadaye. Kwa hiyo kila mwaka, siku ambayo sisi tumelala nyumbani, ng'ambo ya Rovuma wanaandamana kwa heshima ya msichana aliyefundishwa bunduki Nachingwea. Nimewauliza wenzangu wengi chumba cha habari. Hakuna aliyekuwa anajua.

Sasa kama ningeishia hapo ningekuwa nimeandika makala ya sherehe, na magazeti yanazo za kutosha. Kuna mambo mawili yanayonizuia.

La kwanza ni kile kilichotokea baadaye katika kambi hiyo hiyo. Mwaka 1975, uhuru wa Msumbiji ukiwa mlangoni, wapinzani wa FRELIMO waliletwa Nachingwea na kusimamishwa mbele ya umati wasome maungamo yao. Alikuwepo Uria Simango, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa chama. Alikuwepo Nkavandame. Alikuwepo Joana Simeão, mwanasiasa mwanamke, msomi, aliyekuwa na msimamo wake. Baadaye waliuawa bila kufikishwa mahakamani, na mke wa Simango, Celina, aliuawa pia. Mnaona ugumu wake? Uwanja uliompa mwanamke mmoja bunduki ukamnyang'anya mwanamke mwingine uhai kwa sababu ya maneno yake. Mtafiti anayeitaka Nachingwea kama mfano mzuri wa usawa lazima aichukue yote, na Joana Simeão akiwemo. Nimeona machapisho yanayomtaja Josina kurasa nzima na huyu hayumo hata kwa jina.

La pili ni kile wanachosema wapiganaji wenyewe. Harry West, Mmarekani aliyefanya utafiti uwanda wa Mueda, alichapisha mwaka 2000 makala iliyotokana na kuzungumza na wanawake waliokuwa kwenye kikosi kile. Hawakumpa wimbo wa chama wala kilio cha kudhulumiwa. Walisimulia fahari ya ujana wao na namna mafunzo yalivyowapa maana ya kile walichokipitia, kisha wakasimulia pia jinsi ahadi zilivyosinyaa baada ya uhuru. Inabidi usome kwa utulivu. Mimi naona karatasi zile za mahojiano zina thamani kuliko hotuba kumi za Samora, ingawa Samora alihutubia vizuri.

Haya, karatasi ziko wapi? Hapa ndipo hasira yangu ilipo.

Makabrasha ya mradi wa karanga yako Kew, London, kwenye nyaraka za taifa za Uingereza. Barua na kumbukumbu za maofisa wa kikoloni ziko Oxford, zamani Rhodes House, sasa maktaba ya Weston. Taarifa za polisi wa siri wa Kireno, PIDE, waliohoji kila Mmsumbiji waliyemkamata akitoka kambi za Tanzania, ziko Lisbon, Torre do Tombo. Nyaraka nyingine za FRELIMO ziko Maputo. Wabenediktini wa Ndanda waliandika Kijerumani na makao yao makuu ni St. Ottilien. Hesabu mwenyewe: Kiingereza, Kireno, Kijerumani. Mtu wa Nachingwea akitaka kujua nini kilitokea nyuma ya nyumba yao anahitaji pasi ya kusafiria, viza na lugha tatu.

Mtaniambia kuna intaneti. Ni kweli, na nashukuru. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mradi wa Aluka ulianza kukusanya na kuweka kwenye kompyuta nyaraka za mapambano ya ukombozi Kusini mwa Afrika, likiwemo jarida la Kiingereza la FRELIMO, Mozambique Revolution, lililokuwa likitolewa hapa hapa Dar es Salaam. Mwaka 2008 Aluka ikaingizwa ndani ya JSTOR. Wanahistoria walioshiriki, akina Allen Isaacman, Premesh Lalu na Thomas Nygren, waliandika mapema, mwaka 2005, kuhusu maswali magumu waliyokutana nayo: nani anachagua karatasi ipi ipigwe picha, nani anamiliki picha hiyo, na Mwafrika ataisomaje. Sikutegemea wenye mradi wenyewe wawe wakweli kiasi hicho. Kisha yupo Colin Darch na tovuti yake ya Mozambique History Net, ambayo haidai senti. Fungua leo hii, kama una bando. Nilikaa nayo usiku mzima na kesho yake nikachelewa kazini.

Lakini makala nyingi za kitaaluma ziko nyuma ya malipo. Ukiwa na akaunti ya chuo kikuu chenye uwezo unasoma bure. Ukiwa mwandishi mwenye shahada yako ya kwanza na mshahara wetu huu, unaambiwa makala moja ni dola thelathini na ushee. Nimeshaona makala yenye neno usawa kwenye kichwa chake ikiuzwa bei hiyo. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Tusiwalaumu wageni tu. Tunazo hazina zetu na tumezipa kisogo. Idara ya Nyaraka za Taifa iko Upanga, mtaa wa Vijibweni, unapita pale na bajaji. Humo mna vitabu vya wilaya na majalada ya Jimbo la Kusini. Mlimani, kwenye sehemu ya maktaba inayohifadhi machapisho ya Afrika Mashariki, mna tasnifu za wanafunzi wetu wenyewe ambazo hazijawahi kuwa vitabu. Na kuna kitu kimoja ambacho kila mtu anayesema maneno usawa na jinsia nchi hii angepaswa kukijua: mwaka 1983 Ophelia Mascarenhas, mkutubi wa chuo kikuu, na Marjorie Mbilinyi walichapisha bibliografia ya maandishi kuhusu wanawake wa Tanzania, si majina ya vitabu tu bali na maelezo ya kila andiko linasema nini na limeacha nini. Kabla ya kompyuta mezani! Walikaa wakasoma ripoti zisizo na wasomaji, tasnifu na karatasi za semina, wakazipanga ili atakayekuja asianzie sifuri. Kazi ya namna hiyo haina picha gazetini. Nikiulizwa nani amefanya jambo kubwa kwa ajili ya utafiti wa usawa hapa nchini, nitawataja hao wawili kabla ya mkurugenzi yeyote wa mradi.

Wakati huo huo pale Mlimani kulikuwa na kikundi cha utafiti na kumbukumbu za wanawake, WRDP. Mwaka 1991 kikatoa kitabu cha historia za maisha ya wanawake wa Tanzania, kikihaririwa na Magdalene Ngaiza na Bertha Koda. Ndiyo, Koda yule yule niliyewaomba mlishike jina lake. Njia yao ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuifanya: kaa na mwanamke mmoja, mwache asimulie maisha yake yote kwa lugha yake. Susan Geiger alitumia njia inayofanana na kitabu chake cha 1997 kikabadilisha tunavyoielewa TANU, kwa sababu aliwasikiliza Bibi Titi Mohamed na wenzake badala ya kusoma mihtasari ya vikao. Felicitas Becker naye, kwa kitabu chake cha 2008 kuhusu watu wa Lindi na Mtwara walivyoingia Uislamu, alikwenda vijijini akahoji kwa Kiswahili. Kwa hiyo hatuwezi kusema hatujui namna ya kufanya.

Halafu kuna ile kazi kubwa ya SADC iliyopewa jina la Brigedia Jenerali Hashim Mbita, katibu mtendaji wa Kamati ya Ukombozi ya OAU kuanzia 1972 hadi 1994. Majuzuu tisa ya nyaraka na masimulizi ya ukombozi, yalichapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2014, mwaka mmoja kabla Mbita hajafariki. Tisa! Yamo masimulizi ya Watanzania pia. Kila shule ya sekondari ya Nachingwea na Ruangwa ingekuwa na seti moja, hata iliyochakaa, tungekuwa tunaongea mambo mengine.

Msimu mmoja wa korosho nilitumwa Ruangwa kuripoti mnada. Kazi ikaisha mapema, nikapelekwa na dereva wa bodaboda kwa bibi mmoja ambaye utoto na usichana wake ulikuwa upande wa Nachingwea. Nikapiga goti, shikamoo bibi, marahaba mjukuu wangu, nikapewa kigoda. Aliongea nami kwa saa mbili hivi, kwa Kiswahili chenye Kimwera ndani yake. Sitaandika leo aliyonisimulia, kwa sababu nimemwahidi nitarudi nimsomee kwanza. Ila nilipotoa kinasa sauti aliniuliza jambo ambalo semina zote sijawahi kulisikia likiulizwa.

"Mjukuu wangu, wamekuja wengi na hivyo vyombo. Mwenzio mmoja alikaa hapo hapo ulipokaa. Maneno yangu aliyapeleka wapi?"

Nikamwambia bibi, sijui, pengine yako chuoni huko Ulaya.

"Basi ukienda uyaangalie kama yako salama."

Msichana wa miaka ishirini mwaka 1967 alizaliwa 1947, mwaka ule ule karanga zilipotangazwa. Piga hesabu ana umri gani leo. Wale waliouza chakula karibu na kambi, waliofua, waliopika kwa ajili ya vibarua wa karanga wakiwa mabinti, wamekwisha au wanakwisha. Wale 25 wana kumbukumbu ya aina fulani, wana siku yao ya taifa lao. Wanawake wa Kitanzania waliokuwa upande wa pili wa uzio, wenye ardhi iliyochukuliwa mara mbili kwa ajili ya mambo makubwa, sijapata kabrasha lao popote, si Kew, si Upanga, si kwenye majuzuu tisa kwa kadiri nilivyofunua.

Nimeanza kuandika majina ya vijiji na miaka kwenye daftari, upande mmoja Nachingwea, upande mwingine Ruangwa. Kama una bibi au shangazi aliyeishi Mnero, Mnacho, Naipanga, Nachingwea mjini au popote pale kabla ya 1975, mkae jioni moja, umuulize alifanya kazi gani, alilipwa na nani, alimwona nani akipita. Andika kwa Kiswahili alichokisema, pamoja na tarehe uliyoongea naye. Na nakala ya kwanza mpe yeye.